Kinachomfanya Mtoto Abaki na Mzazi Aliyepoteza Kumbukumbu

Ukimuuliza mtu kwa nini anamuuguza mama yake aliyepatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, atakujibu kwamba ni mama yake, basi. Ndani ya jibu hilo mna mapenzi, shukrani, hofu ya laana, haya mbele ya majirani na pengine tamaa ya shamba, na ni vigumu kujua lipi lina nguvu zaidi mpaka ugonjwa ukolee.

Wengi wetu Afrika Mashariki hulelewa kuamini kwamba jambo hili ni wajibu. Mwislamu anaijua aya ya 23 ya Sura ya 17, inayokataza kumwambia mzazi aliyezeeka hata "ah", na Mkristo anaijua amri ya kuwaheshimu baba na mama. Wanaoutetea wajibu husema kwamba hauyumbi pale hisia zinapoyumba, na naona wanasema kweli. Mama aliyeificha noti chini ya godoro huipapasa kwenye pindo la khanga, akaikosa, akamwita bintiye mwizi mbele ya wageni; jioni hujitanda mtandio na kulia arudishwe kwao, ilhali yumo katika nyumba aliyoishi tangu alipoolewa. Mapenzi yanayongoja walau kutambuliwa huchoka mapema katika hali hiyo.

Hata hivyo, anayeuguza kwa kutafuta radhi tu naye yumo mashakani. Mzazi huyu aweza kulaani asubuhi na kubariki jioni bila kujua alitamka lipi, na mtoto anayeyachukua maneno hayo kuwa hukumu huumia, na mara nyingine hugeuka mkali. Kwa hiyo wajibu bila kuuelewa ugonjwa hautoshi. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kwamba kati ya watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, takribani 6 wana ugonjwa huu. Si jambo geni, wala si la kurogwa. Nalisisitiza hilo kwa sababu Kilifi na Usukumani wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na mzee anayetangatanga usiku akiongea peke yake ni rahisi kushukiwa.

Kuhusu urithi sina mengi ya kusema: binti aliyeacha biashara yake ili kumwogesha baba, akitarajia kukumbukwa shamba linapogawanywa, simwoni kuwa mwenye tamaa.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba wajibu wa watoto wote humwangukia mmoja, mara nyingi binti ambaye hajaolewa au aliyeachika, naye husifiwa kwa moyo wake ili wengine wapumzike. Ni haki kukiri kwamba kaka aliyeko Muscat au Dar es Salaam anayetuma fedha kila mwezi naye anauguza, maana bila fedha hizo nepi za watu wazima hazinunuliki. Serikali nazo zimo: Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja matunzo ya wazee kutoka kwa familia na kwa Serikali pia, na Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi pensheni iliyoanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakikutosha kumlipa msaidizi wa kukesha na mgonjwa. Ndugu hukutana haraka kupanga harusi au mazishi. Kikao cha kupangiana zamu za usiku, mzazi akiwa bado hai, sharti kiitwe kwa haraka hiyo hiyo, tena kabla yule binti hajaugua yeye mwenyewe.