Kabla ya 2041, tuanze na mafaili

Hapa Lubumbashi, Kongo, ukitaja kwamba mgomo wa wafanyakazi wa migodi wa Desemba 1941, uliozimwa kwa risasi, utatimiza miaka mia mwaka 2041, na kwamba serikali ianze kujipanga sasa, wengi watacheka. Mzee mmoja wa mtaa wa Katuba, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya dola, alinijibu kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Serikali inakuya na tente, inarudia na tente." Mahema, viti vya plastiki, fanfari, hotuba ndefu juani, bahasha za wanakamati, kisha kimya hadi mwaka mwingine. Kuhusu mahema sina ubishi naye. Ubishi wangu ni kwamba anayaona mahema ndiyo maandalizi yenyewe.

Nchi ninayoitumia kupima jambo hili ni Ireland, na ina undugu na sisi kuliko tunavyokumbuka. Roger Casement, mzaliwa wa Ireland na konsuli wa Uingereza, ambaye ripoti yake ya 1904 ilianika unyama wa kuvuna mpira wa miti katika Kongo ya Mfalme Leopold II, ndiye huyo huyo Waingereza waliyemnyonga London tarehe 3 Agosti 1916 kwa sehemu yake katika maasi ya Pasaka ya Dublin, ya kudai uhuru kutoka kwa Uingereza. Na mwaka 1961 askari wa Ireland, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, walipigana hapa mjini na kule Jadotville, yaani Likasi.

Serikali yao ilizindua mpango wa kuadhimisha miaka mia ya maasi hayo Novemba 2014, na ilianza kwa kujikwaa. Ilitoa video fupi ambamo alionekana Malkia Elizabeth, akaonekana Bono, akaonekana Bob Geldof, lakini wale saba waliotia saini Tangazo la Jamhuri, tamko la uhuru la waasi, na kupigwa risasi kwa ajili yake hawakupewa nafasi. Jamaa za waliouawa wakawaka. Walisema serikali inawaonea haya wazee wao, inataka kuwafurahisha majirani na watalii. Wakaongeza habari ya nyumba za Moore Street, mahali viongozi walipoamua kusalimu amri, ambazo wao walitaka zihifadhiwe zote huku wenye mitaji wakipanga kujenga maduka. Jambo hilo lilifika hadi mahakamani. Video ikaondolewa.

Malalamiko hayo yana uzito, nami siyapuuzi. Ukimsherehekea mtu bila kumtaja, unamzika mara ya pili. Lakini woga wa serikali ile nao ulikuwa na historia. Mwaka 1966, kwenye miaka 50, dola lilisherehekea mashujaa kwa shangwe kubwa. Miaka michache baadaye Ireland ya Kaskazini ikawaka moto, na wapo waliosema zile shangwe zilichochea kuni. Ndiyo maana mwaka 1991, kwenye miaka 75, sherehe zilifanywa ndogo, karibu kwa kunong'ona. Anayepanga ya 2016 alikuwa na mifano miwili nyuma yake, kelele na ukimya, na yote miwili ilikuwa imelaumiwa.

Tarehe 27 Machi 2016 gwaride lilipita, ofisa wa jeshi akasoma Tangazo mbele ya jengo la Posta Kuu, ndege zikapasua anga. Kabla ya hapo askari walikuwa wamepeleka bendera na nakala ya Tangazo katika shule za msingi za nchi nzima. Magazeti yalijaa hayo, na wakosoaji wakagombana juu ya hayo: nani kaalikwa, nani kakaa mstari wa mbele, kwa nini Jumapili wakati maasi yalianza Jumatatu.

Kazi kubwa, kwa maoni yangu, ilifanyika kwingine, katika mafaili ya pensheni. Kuanzia 1923 dola jipya la Ireland lilitunga sheria za kuwalipa waliopigana na wategemezi wa waliokufa. Ili kulipwa ilibidi uandike: ulikuwa wapi siku ya Jumatatu, ulikuwa chini ya nani, nani anaweza kukushuhudia. Wajane waliandika wakieleza deni la duka na watoto wangapi wamebaki. Makarani wakauliza tena, wakakataa, wakakubali nusu. Zaidi ya mafaili laki mbili yalikaa kwenye makabati ya jeshi kwa miongo. Kwa ajili ya miaka mia serikali iliajiri watunza nyaraka wayapange na kuyapiga picha, na kuanzia Januari 2014 wakaanza kuyaweka kwenye intaneti, mtu yeyote asome bure. Mwanamke aliyebeba ujumbe chini ya sketi akivuka mitaa yenye risasi, ambaye hakuna hotuba iliyomtaja, yumo mle kwa saini yake mwenyewe.

Mstaafu wa Gécamines asiyeelewa thamani ya faili la pensheni sijamwona bado.

Kutokana na nyaraka za namna hiyo, pamoja na vitabu vya maziko na vyeti vya vifo, watafiti wa makaburi ya Glasnevin, Dublin, waliwahesabu wafu wa maasi yale. Walipata 485. Zaidi ya nusu walikuwa raia: watu waliotoka kutafuta mkate, watu waliochungulia dirishani, watoto. Kwa karibu miaka mia nchi ile ilikuwa imekariri majina ya 16 walionyongwa au kupigwa risasi kwa hukumu, na wale wengine walikuwa "majeruhi na vifo kadhaa". Nimekaa na namba hiyo kwa muda. Si kubwa, vita vya Kivu vimetufanya tuone mia nne kama hesabu ya juma moja baya. Ila namba ile imefika mwisho. Kila mmoja ana jina na siku aliyokufa, na hakuna "takriban" mbele yake.

Basi wakajenga ukuta Glasnevin, wakachonga majina yote kwa mpangilio wa siku za kufa: mwasi, raia, polisi, askari wa Uingereza, bila kutenganisha. Aprili 2016 ulizinduliwa huku waandamanaji wakipiga kelele nje. Mwaka 2017 ulimwagiwa rangi. Mwaka 2020 ulipigwa kwa nyundo. Mwishowe wasimamizi wakaamua majina yasirudishwe. Hapa wapinzani wanashinda hoja moja, lazima nikiri: huwezi kumlazimisha mjukuu asome jina la babu yake karibu na la aliyempiga risasi, hata kama huyo naye alikuwa kijana wa Dublin aliyejiunga na jeshi kwa ajili ya mshahara, na wapo waliokuwa hivyo. Ukuta ulishindwa, lakini orodha ipo. Hakuna nyundo inayofika huko.

Sasa turudi kwetu. Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi iliyoitangulia Gécamines, waligoma, Jadotville kwanza, kisha huku Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakitaka nyongeza kwa sababu vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu. Tarehe 9 walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuwepo. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pale pale, na askari wakafyatulia umati risasi. Wangapi? Hapo vitabu vinaachana njia. Kuna kinachotaja 48, wanahistoria wengine wanasema 60 hadi 70, na ukikaa na wazee wa kambi utasikia mamia. Kati yao wote, jina ambalo mtoto wa shule wa Lubumbashi anaweza kukupa, akibahatika, ni moja: Mpoyi.

Na hilo si la Katanga peke yake. Mwaka 2031 uasi wa Wapende dhidi ya Wabelgiji kule Kwango utatimiza miaka mia. Ofisa Mbelgiji aliyeuawa, Maximilien Balot, ana jina katika kila simulizi, na sanamu ya kuchongwa aliyofananishwa nayo iko jumba la makumbusho Marekani. Wapende waliouawa katika kuzimwa kwa uasi ule walipita 500. Majina yao yako wapi?

Upande wa mzee wa Katuba utanijibu kwamba kumbukumbu ya 1941 imeishi bila serikali, tena imeishi kwa sababu serikali haikuigusa. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Miaka ya 1970 wachoraji wa mjini walichora mauaji yale kwenye vitambaa vya magunia ya unga, watu wakanunua na kutundika sebuleni, juu ya redio. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimekusanya masimulizi ya wazee. Na serikali zetu zina tabia inayojulikana: shujaa akishaingia kwenye itifaki anageuka wa chama. Mobutu alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966, Mobutu yule yule aliyemwangusha. Mtu akiogopa Mpoyi naye asije akavalishwa skafu ya kampeni ya uchaguzi wa siku hizo, siwezi kumwambia anaota.

Lakini mchoraji hawezi kufungua kabati la kampuni. Union Minière ilikuwa kampuni iliyoandika kila kitu: namba ya mfanyakazi, kijiji alikotoka, mke, watoto, uzito wa mtoto kliniki, posho ya unga ya kila juma. Kampuni ya namna hiyo haipotezi makumi ya watu bila mstari kukatwa mahali kwenye daftari. Sehemu ya mafaili ya wafanyakazi iko hapa hapa, mikononi mwa Gécamines, ambayo ni mali ya dola. Wanahistoria wachache wameyatumia kwa uvumilivu wao wenyewe, kwenye vumbi na mvua inayovuja. Nyaraka za makao makuu ziko Brussels, katika hifadhi ya taifa ya Ubelgiji. Profesa akiandika barua huko ataruhusiwa kusoma, akiwa na visa na nauli. Dola likiandika, linaomba nakala za mwezi mzima wa Desemba, za Jadotville na Élisabethville, pamoja na taarifa za jeshi na za gavana.

Tume ya bunge la Ubelgiji juu ya enzi za ukoloni ilivunjika Desemba 2022 bila kuafikiana, na wengi hapa walihitimisha kwamba mlango umefungwa. Kilichowashinda kule ni maneno ya kuomba radhi. Makaratasi hayakuwa kiini cha ugomvi. Kinshasa inaweza kuyaomba bila kungoja radhi ya mtu yeyote, na inaweza kuanza na yale yaliyoko Lubumbashi, ambayo hayahitaji ruhusa ya Brussels wala tiketi ya ndege. Yanahitaji paa lisilovuja, mashine ya kupigia picha, na vijana kadhaa wa idara ya historia wanaolipwa kila mwezi. Hema la 2041 tutaligombania wakati huo.