Mama wa vitumbua alisema hapana

Juzi asubuhi nipo huku Mbagala nasubiri vitumbua, mama ndo kwanza anavigeuza na spoku yake, mara akatokea kijana na simu, taa imewaka, akamuwekea usoni, "Shikamoo mama, kwa siku unapata shingapi?" Mama akavuta upande wa kanga akajifunika mdomo, "Mwanangu usinirekodi, sijapenda." Kijana akacheka akaendelea tu, akatupia elfu kumi pembeni ya beseni la unga, na kamera ikaifata ile noti mpaka mama alipoichukua.

Nikamwambia yule kijana, "Mdogo wangu, si kakukataza?" Akanijibu, "Braza, hapa ni barabarani, kila mtu anaona."

Hiyo kauli imeniuma mpaka leo. Kweli tulimuona, lakini sisi tulikuwa watu sita na tunaondoka, sasa kule mtandaoni atakaa na kanga yake mdomoni miaka na miaka, watu wasiomjua wanamhurumia na wengine wanamcheka, halafu anayepata likes ni mwingine. Ibara ya 16 ya Katiba inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa yeye na maisha yake binafsi, haijaandika isipokuwa muuza vitumbua. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022.

Sijasema watu wasirekodi jamani. Kituo cha mwendokasi kimefurika, rekodi, wahusika waone. Askari anampiga machinga, rekodi na usizime, maana yule ana mamlaka na anatumia kodi yetu. Lile ghorofa lilivyoporomoka Kariakoo Novemba 2024, picha za kifusi zilitufanya tujue ukubwa wa janga, hilo silipingi hata kidogo, ila mtu katolewa pale nguo zimechanika, hajitambui, sura yake umeivuta karibu ya nini? Piga kifusi, piga waokoaji, yeye mfunike. Na aliye mzima muulize, akisema hapana shusha simu, haichukui hata dakika.

Yule mama alikuwa ananifungia vya kwangu kwenye gazeti, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi baba, ile picha inaweza ikafika na kwetu?"

Sikumuuliza kwao ni wapi.