Fundi wa Maji Moto, Mji wa Joto

Jamani, kazi zimejaa duniani, mimi nimechagua kutengeneza hita za maji ya kuogea. Wapi? Lushoto? Njombe? Wapi bwana, Tanga! Hapa Makorora mwezi wa pili mtu anatoka bafuni, kabla hajaifikia kanga keshalowa jasho upya, na mimi huyoo napita na baiskeli na begi la spana nikiuliza nani hita yake haichemshi. Mama yangu akiulizwa mwanao anafanya kazi gani, hujibu "yupo yupo tu." Anaona bora niitwe mzururaji.

Lakini wateja ninao, tena wengi. Kinachonilisha si baridi, ni mawe.

Wanaotumia maji ya bomba, yale ya Mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani, hao naonana nao kwa nadra. Watu wangu ni waliojenga Pongwe na kuchimba visima vyao. Pongwe! Mahali ambapo mawe ya chokaa yanachimbwa mchana kweupe, wewe unatoboa kisima katikati yake, halafu unashangaa maji yana chokaa. Sabuni haitoi povu, unajisugua kama unayefuta ubao wa darasani. Shuleni tuliambiwa hayo ni maji magumu. Mtaani wanasema maji ya chumvi, na ukibisha unaambiwa unajifanya msomi.

Juzi bi mkubwa mmoja kanipigia. Mwanawe kamletea hita kutoka Uarabuni, ile isiyo na tangi, maji yanapita tu na kutoka ya moto. Wati 9,000. Ikiwaka, taa za nyumba nzima zinafifia kama mgeni mkubwa kaingia.

"Fundi, mashine imelogwa. Inawaka, inazima, maji yanatoka kwa kwikwi."

Nikapiga pedali mpaka Pongwe, jua la saa sita, baiskeli inalia kuliko hiyo hita. Nikaamkia, nikazima swichi kuu, nikafungua. Chujio limeziba. Kile kigurudumu kidogo kinachozungushwa na maji, ndicho kinachoiambia mashine iwake, kimeganda. Na kwenye bomba la shaba, ukoga mweupe mnene, kama meno ya mtu asiyejua mswaki.

"Mama, umewahi kwenda mapango ya Amboni?"

"Tulipelekwa na shule."

"Yale mawe yanayoning'inia juu unayakumbuka? Basi na humu ni hayo hayo. Kule maji yanadondoka tone tone, miaka kwa maelfu. Wewe umeyawekea moto, umeyaharakisha."

Akachungulia. "Kwa hiyo nina pango bafuni?"

"Bado watalii tu."

Wala si uchawi. Chokaa ikiwa imeyeyuka kwenye maji baridi huioni. Ukiyapasha, hewa ya ukaa inatoroka, chokaa inakosa wa kuibeba, inaganda pale pale penye moto. Mwishowe elementi, ile sehemu inayopasha maji, imevaa blanketi: joto halifiki kwenye maji, inajiunguza yenyewe, huku yuniti za LUKU zikiteremka. Anayebisha akachungulie ndani ya birika lake la chai, tena asinipigie simu.

Dawa yake ni siki. Nikamwomba lita tano.

"Lita tano! Umekuja kutengeneza hita au achari?"

Nikafunga koki mbili, nikaunga mipira miwili na pampu yangu ndogo, siki ikawa inatoka kwenye ndoo, inapita ndani ya hita, inarudi kwenye ndoo. Saa nzima. Wapo wenzangu wenye haraka, wanamimina maji makali ya kusafishia choo. Chokaa inatoka kweli, na shaba inaisindikiza.

Siki ilipoanza kufanya vipovu, bi mkubwa akaruka. "Povu! Mwaka wa tatu nafua humu ndani sijaliona povu, leo linatoka kwenye siki!" Nyumba nzima ikanuka kachumbari. Mjukuu akatoka chumbani mbio, akauliza mishkaki iko wapi.

Nikasuuza kwa maji safi, nikasafisha chujio, nikawasha. Maji yakatoka moto, kwikwi hakuna. Nikasema shilingi 30,000.

"Mwanangu, saa nzima umekaa kwenye kigoda unatazama ndoo. Siki yangu, chai yangu, maandazi yangu. Elfu thelathini ya macho?"

Tukashushana mpaka 15,000 na machungwa ya Muheza, ambayo nusu yaliangukia barabarani wakati narudi. Nikamwambia kwa maji yale, baada ya miezi sita nirudi tusafishe tena. Akaniuliza kama mashine nayo inakwenda kliniki.

Kesho yake saa nane mchana, simu.

"Fundi, umeiharibu! Nimezima swichi na maji bado yanatoka moto. Nimeungua bega!"

Moyo ukanidunda. Nikaiona ile 15,000 ikirudi Pongwe, na ilikwisha kuliwa.

"Umezima kabisa, mama?"

"Nimezima ya bafuni, nimezima na ile kubwa. Hata feni haizunguki, nakufa na joto!"

"Tangi la maji liko wapi?"

"Kwani hulijui? Juu ya mnara."

"Rangi gani?"

"Jeusi."

"Na jua?"

Kimya. Nikamsikia akitoka nje, kandambili zinapiga sakafu, mlango, kisha kimya tena.

"Sasa fundi," akasema, safari hii kwa upole, "ya kupoza utaniletea lini?"