Kikapu Kimoja, Darasa Zima

Kila kundi la chuo lina Injinia wake. Wa kwetu alikuwa anatoka Mbagala, anafika Kijitonyama shati limelowa kwa msongamano wa daladala, ila akishakaa mbele ya laptopu humwambii kitu. "Wewe shughulika na rangi za kurasa," ananiambia. "Java niachie mimi."

Kozi yenyewe ilikuwa ya Java, lugha ya kuandikia programu, ila ya upande wa seva, yaani kompyuta inayojibu vivinjari vya watu. Wiki za mwanzo zote ziliishia kwenye kubembelezana na Tomcat, programu ya seva inayoendesha tovuti za Java. Noti tulizopewa zilikuwa za enzi za javax, jina la zamani la maktaba zake, sisi tumepakua Tomcat 10 inayotaka jina jipya, jakarta, basi kila tukifungua servleti yetu, ile klasi ya Java inayopokea maombi ya kivinjari na kuyajibu, tunapokewa na 404: ukurasa haupo. Hilo likapita. Ukaja mradi: tengenezeni tovuti inayopokea maneno ya mtu na kumjibu, siyo ya kutazama tu kama kalenda ya ukutani.

Tukaamua kumtengenezea mama ntilie wa getini tovuti ya kuagizia chakula. Unachagua msosi, unaingia kwenye kikapu, jumla inajitokeza. Usiku tukawa tunaijaribu kwenye laptopu ya Injinia, na ilikuwa tamu kweli. Kuna asubuhi tulifungua tukakuta wali wa jana yake bado umo kikapuni, japo kivinjari tulichotumia kilikuwa kingine kabisa. Mimi nikaguna. Injinia akapiga meza: "Unaona? Inakumbuka!"

Siku ya kuonyesha mradi tukamwalika mama mwenyewe. Akaingia maabara na khanga yake, daftari la madeni kwapani, darasa zima likaitikiana "Shikamoo mama" naye akaitikia marahaba moja ya jumla. Mwalimu akampa kiti cha mbele, kisha akaagiza wa kwanza kutoka kwenye kompyuta yake: chai moja, chapati mbili. Jumla, shilingi 1,500. Makofi.

"Sasa wote ingieni," Injinia akatangaza, akaandika anwani ubaoni, na 8080 yake mwishoni, namba ya mlango wa Tomcat.

Wakaingia. Mwalimu akafungua kikapu chake upya ili atuonyeshe kitu, akanyamaza. Akasogeza miwani. Chai moja, chapati mbili, wali maharage 17, chipsi mayai 11, ugali samaki 6. Jumla, shilingi 92,500.

"Kijana, mimi nimeagiza chai."

"Bonyeza tena, mwalimu. Mtandao huo."

Akabonyeza. Zikaongezeka soda. Dada mmoja wa dirishani akapiga kelele kwamba yeye hali samaki na samaki sita wako kwake. Kila kioo kilikuwa na bili ileile. Halafu jamaa wa nyuma, mtu wa utani, akabonyeza "Futa kikapu", na maabara nzima ikabaki na njaa kwa mara moja.

Mwalimu akaomba kuona programu. Alipofika kwenye servleti akacheka mpaka akakaa. Injinia alikuwa ameiweka orodha ya vyakula vilivyoagizwa juu kabisa ndani ya klasi, nje ya doPost, sehemu inayoshughulikia kila agizo linalotumwa. Na Tomcat haitengenezi servleti mpya kwa kila mteja. Inatengeneza moja tu, maombi ya watu wote yanapita humohumo, mengine kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tulikuwa na kikapu kimoja cha Dar es Salaam nzima.

"Mama, naomba daftari lako," mwalimu akasema. Akalinyanyua darasa lione: kila mdaiwa ana ukurasa wake, jina juu, madeni chini. "Mnaona? Hii ndiyo HttpSession. Tomcat inampa kila mteja kuki ya JSESSIONID, alama ndogo inayotunzwa na kivinjari chake, akirudi nayo inajua ukurasa wake ni upi. Mama anafanya hivi bila hata umeme."

Tukahamishia kikapu kwenye sesheni, mistari michache tu, tukaiwasha upya. Mwalimu akaagiza chai, akaona chai. Injinia akaanza kurudisha rangi usoni.

Hapo ndipo simu ya mama ikaita. Akasikiliza, akasema "haya, pakueni," akakata. Kumbe ile bili ya kwanza ilipotokea tu, alishamwambia binti yake wa bandani aweke sufuria kubwa jikoni. Wali umeiva, samaki wameshakaangwa, chipsi ndiyo zinatolewa kwenye mafuta.

"Sasa hii namwandikia nani?" akauliza, akichomoa kalamu kwenye kilemba.

Macho yote kwa Injinia.

"Mama, siyo mimi," akasema. "Ni Java ndiyo imechanganya."

Mama akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya.

"Haya. Huyo Java anakaa mtaa gani?"