Mtoto wa miaka minne kapewa homuweki, kucheza atacheza saa ngapi?

Jumatano iliyopita nilipita kwa dada yangu Mbagala mida ya saa moja usiku, nikamkuta binti yake wa miaka minne kalalia daftari, penseli bado iko mkononi na mate yameshalowesha ukurasa. Homuweki ilikuwa kuandika 1 mpaka 50, alikuwa kafika 23 na ile 3 kaigeuza inaangalia upande wa pili. Nikasema dada, si mngemwacha tu akacheze huyu, akanijibu hata hajaniangalia, "We huna mtoto huwezi kujua, la kwanza wanafanya usaili, asipojua kusoma Kiingereza hachukuliwi."

Nilinuna kidogo, ila kwenye daladala narudi nikaanza kuona ana hoja. Sie watu wa "mwacheni mtoto acheze" huwa tunawasema wazazi kama vile wanafanya makusudi. Shule kibao za binafsi zinampima mtoto kabla hazijampokea, na mtoto akipelekwa ya serikali anaweza kukuta darasa limefurika, mwalimu mmoja, na kama hajui hata herufi anakaa nyuma mwaka mzima hamna aliyemgundua. Halafu huko nje kwenyewe, kiwanja tulichochezea sie sasa hivi ni fremu za maduka, barabara ya mtaa ni bodaboda mwanzo mwisho, na dada anarudi kazini saa kumi na mbili jioni, hajui mwanae alikuwa na nani mchana, na habari za watoto kufanyiwa ukatili anazisikia kila siku. Huyo ukimwambia mtoto acheze atakuuliza acheze wapi, na nani?

Na kuna kitu hatupendi kukisema. Mwaka 2013 mwanasaikolojia wa Marekani, Angeline Lillard, na wenzake walipitia tafiti nyingi sana za michezo ya kuigiza, yani ile ya baba na mama na kujipikilisha, wakaona ushahidi kwamba mchezo wenyewe ndo unaomuongezea mtoto akili ni dhaifu kuliko tunavyotangaziana. Inawezekana watoto wanaocheza sana hivyo ni walewale ambao nyumbani wanaongeleshwa sana. Kwa hiyo mtu akikuambia mchezo peke yake unatosha, mwambie apunguze spidi.

Ila sasa upande wa pili nao una mzigo wake. Jimbo la Tennessee hukohuko Marekani walikuwa na chekechea ya serikali kwa familia za kipato cha chini, nafasi zikawa chache kuliko waombaji, wakapiga bahati nasibu, na hapo watafiti wakapata watoto karibu 3,000 wa kuwafuatilia, waliopata na waliokosa. Mwanzoni waliopata chekechea walikuwa mbele, herufi wanazijua. Walipofika darasa la sita (matokeo yalitoka 2022) walikuwa nyuma ya wale waliokosa, na kesi za nidhamu ndo zao zaidi. Dale Farran, mmoja wa walioongoza utafiti, anashuku shida ni muda mwingi wa kukaa chini kumsikiliza mwalimu. Anashuku tu, hajathibitisha, tusimuongezee chumvi. Ila kama mtoto anaweza kuanza mbele halafu akaishia nyuma, basi ile 50 aliyoiandika akiwa na miaka minne siyo akiba ya uhakika kama tunavyodhani.

Mi nadhani kinachopotea kinaonekana vizuri kwenye nyama nyama nyama. Mmoja anaita majina ya wanyama, akitaja anayeliwa wote mnaruka mnaitika nyama, akitaja asiyeliwa mnakaa kimya, ukiruka umetoka. Ng'ombe, nyama! Mbuzi, nyama! Kuku, nyama! halafu kwa kasi ileile anasema paka, na lazima kuna mmoja miguu imeshaachia ardhi anajaribu kujirudisha akiwa angani. Hapo kazi yote ni kujizuia, mwili unataka kuruka, kichwa kinasema subiri. Watafiti wana kipimo cha watoto kinachofanana sana na huo, unaambiwa shika kichwa we unatakiwa ushike vidole vya miguu, na wanakitumia kuona mtoto ana uwezo gani wa kujitawala anapoanza shule. Sie tunacho uani bure.

Halafu ngoja mtaje nguruwe. Kwetu mchezo ulikuwa unasimama kabisa, nusu wameruka nusu wamekaa, kelele, huyu kwao wanakula huyu kwao hawali, mpaka tukakubaliana wenyewe kwamba nguruwe asitajwe, mambo yakaendelea. Hamna mwalimu aliyetuamulia. Kwenye daftari la mpwa wangu hamna pa kujifunzia hiyo.

Mrusi mmoja, Lev Vygotsky, aliyefariki 1934 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 37 tu, alikuwa anasema mtoto anachoweza kufanya leo akishikwa mkono na anayejua zaidi, kesho atakifanya mwenyewe. Sio lazima huyo anayejua zaidi awe mtu mzima. Kwenye kombolela tulikuwa tunachanganyikana wa miaka kumi na mbili mpaka wa miaka minne, wadogo tunawachukua hivyohivyo, hata wakikamatwa hawahesabiwi, na hapohapo wanajifunza kujificha, kukaa kimya, kusubiri zamu. Chekechea inawapanga kwa umri, wote wana miaka minne, wote hawajui, anayejua ni mmoja tu na ana chaki mkononi.

Shemeji yeye hoja yake ilikuwa katuni, kwamba mtoto hata akikaa ndani Kiingereza anakipata kwenye tableti. Hapo nakataa, angalau kwa wadogo kabisa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake kule Seattle walichukua vichanga vya miezi tisa vya Kimarekani, vingine vikakaa na Mchina laivu anavisomea vitabu na kucheza navyo kwa vipindi 12, vingine vikaonyeshwa mambo hayohayo kwenye video. Wa laivu wakaweza kutofautisha sauti za Kichina, wa video ikawa kama hawajawahi kukisikia. Mtoto wa miaka minne siyo kichanga, najua, anaokota maneno kwenye katuni. Ila katuni haimjibu.

Kwa hiyo mi naona ugomvi wa mchezo na kitabu tumeuweka vibaya. Cha kuulizana ni kama kuna mtu, mkubwa au mdogo, anayemjibu huyo mtoto. Pale Kingston, Jamaica, mwaka 1986 na 1987, wahudumu wa afya wa mtaani walikuwa wanawatembelea watoto wadogo waliodumaa, saa moja kwa wiki kwa miaka miwili, wanamwonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mwanae kwa midoli na vitu vya kuokoteza nyumbani. Utafiti wote ulikuwa na watoto 129. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa wanaingiza kipato asilimia 25 zaidi ya wenzao ambao hawakupata mchezo huo. Hamna homuweki pale, ila pia hamna kumwachia mtoto mtaa na kusema ataelimika mwenyewe, kuna mtu mzima kakaa chini kwenye mkeka.

Lawama yangu kwa hiyo haiendi kwa dada, inaenda kwa hizo shule zinazomfanyia usaili mtoto ambaye bado viatu anavaa kushoto kulia. Wakiuacha huo usaili, nusu ya tyusheni za chekechea zitakufa zenyewe.

Jumamosi nikarudi na kamba. Watoto wa wapangaji wakatoka, mpwa wangu kuruka hawezi bado, wakampa kushika upande mmoja na kuhesabu kwa sauti na wakubwa. Wakapita 23 wala hakushtuka, aliyekuwa anaruka akakosea kwenye 41, mtoto anaruka ruka yeye kwa furaha kama ndo kashinda. Nikamwita dada dirishani aone. Akaangalia, akacheka, akasema, "Haya, siku ya usaili nenda na kamba yako."