Nati ya Moyo

Katika vijana watano waliokuwa wakiiokoa dunia kwenye ile katuni ya Captain Planet, sijawahi kumsikia mtoto aliyetaka kuwa Ma-Ti. Wenzake walipewa pete za maana. Kwame, Mwafrika wetu, alipewa ardhi. Akinyoosha ngumi, nchi inapasuka. Wheeler wa Brooklyn akapewa moto, Linka upepo, Gi maji. Ma-Ti kutoka Amazon akapewa moyo. Adui kaja na mashine za kufyeka msitu, na wewe kazi yako ni kumtia huruma! Tena wakamwekea na tumbili wa kutembea naye, aibu ikamilike.

Mtaani kwetu Magomeni tulikuwa watano vilevile, na mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote. Sina haja ya kueleza pete gani iliniangukia.

Kwa waliozaliwa juzi: Captain Planet and the Planeteers ni katuni ya Kimarekani iliyoanza kuonyeshwa Septemba 1990. Wenye wazo walikuwa Ted Turner, yule aliyeanzisha CNN, na Barbara Pyle. Gaia, roho ya dunia, anaamka katika usingizi mrefu, anakuta binadamu wameharibu kila kitu, anagawa pete tano kwa vijana watano. Mambo yakiwazidi, wanainua pete juu, kila mmoja anataja nguvu yake, na hapo anachomoka Captain Planet mwenyewe, ngozi ya buluu, nywele za kijani kazifuga kisogoni. Anawachakaza wachafuzi wa mazingira, halafu anawaambia watazamaji kwamba nguvu ni yao. Udhaifu wake ni mmoja: akiguswa na uchafu anaishiwa nguvu. Kwa Dar es Salaam ya miaka ile, nadhani asingefika hata Kariakoo.

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994, na hata ilipokuja, kwenye uchochoro wetu ilikuwa nyumba moja tu: kwa dereva wa lori la Zambia. Alikuwa na deki pia, na kanda alizokuwa anarudi nazo kutoka Lusaka. Jioni watoto tulijaa mkekani, waliochelewa wakaning'inia dirishani, na utingo wake akakaa kwenye kigoda pembeni ya runinga kututafsiria. Utingo hakuwa amesoma Kiingereza popote, ila alikuwa amefika Lusaka mara nyingi, na hilo kwake lilitosha.

Tafsiri zake ndizo zilizotulea. Kisiwa cha wale vijana kikawa Mafia. Looten Plunder, yule tajiri mwovu mwenye suti, akabatizwa Mheshimiwa. Linka kule Marekani aliwasumbua watengenezaji wenyewe: walimwanzisha kama mtoto wa Umoja wa Kisovyeti, nchi ikavunjika mwaka 1991, ikabidi waseme anatoka Ulaya Mashariki. Utingo hakupata tabu hiyo, kwa sababu tangu mwanzo Linka wake alikuwa binti wa misheni ya Peramiho. Gaia alipewa sauti ya mama ntilie anayewadai watu. Ukubwani nikaja kujua kwamba sauti halisi ya Gaia mwanzoni ilikuwa ya mwigizaji Whoopi Goldberg, na ya Kwame ni ya LeVar Burton, yule aliyecheza Kunta Kinte kwenye tamthilia ya Roots. Ile ya utingo bado naiona bora.

Basi. Jumamosi moja yule dereva alikuwa chini ya lori anakaza springi, safari ni jioni ileile. Nati za zile bolti kubwa za springi alikuwa amezifungua zote nane, akaziweka kwenye kopo lenye grisi. Mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye alikuwa Ardhi wetu kwa haki ya kumiliki televisheni, akapita na kopo, akatutolea tano.

Zilikuwa nati kweli, nzito, zina pembe sita, zimelowa grisi nyeusi. Nne zilikuwa kubwa, zinacheza kidoleni, inabidi ukunje ngumi zisidondoke. Ya tano ilikuwa ndogo. Ardhi akaitazama nati, akakitazama kidole changu cha shahada ambacho hata siku za kawaida kilikuwa kimenenepa, akasema, "Hii ya Moyo." Akaisukuma mwenyewe mpaka chini. Iliingia vizuri mno. Grisi ile!

Sasa tuna pete, tunahitaji adui. Hatukumtafuta sana. Mama mwenye nyumba alitoka uani na beseni la maji ya kuoshea dagaa, akaanza kuyamwaga uchochoroni kama alivyofanya kila siku ya Mungu. Ardhi akatupanga mstari.

"Ardhi!"

"Moto!"

"Upepo!"

"Maji!"

"Moyo!"

Mama mwenye nyumba akasimama na beseni lake, nusu limebaki. "Nani kafa?"

Hakuna aliyejibu. Kwenye kanda, baada ya hapo ni Captain Planet anatokea. Sehemu ya kusubiri haikuwepo. Ardhi akasafisha koo, akasema kwa sauti ya utingo, "Unachafua mazingira, ewe Mheshimiwa."

"Mimi?"

"Shikamoo," akasema Maji, ambaye alikuwa na adabu za kwao.

"Marahaba. Enhe, rudieni, mmesema nani anachafua?"

Ardhi akanisogelea sikioni. "Moyo, fanya kazi. Mtie huruma."

Nikanyoosha ngumi, nikamkazia macho mama mwenye nyumba, nikavuta hisia zote nilizonazo. Nikamfikiria bibi yangu. Nikamfikiria yule paka aliyekanyagwa na baiskeli. Machozi yakanilengalenga mimi. Yeye alinitazama kidogo, akapima umbali, na maji ya dagaa yaliyobaki yakaja yote kwa pamoja.

Kwa hesabu ya katuni tulikuwa tumemalizwa kihalali kabisa: uchafu mmoja, nguvu kwisha. Tulitawanyika kila mtu na njia yake. Mimi nilijificha nyuma ya choo, jua la saa saba kichwani, ngumi imekunjwa, nanuka soko zima la samaki la Ferry. Nilipotoka huko nikataka kuivua nati. Haikusogea.

Nati si pete. Pete ina utelezi ndani. Nati ina ile mistari inayojiviringa, iliyochongwa ili ing'ate bolti isiachie hata lori likipita kwenye mashimo. Ukivuta, inakunja ngozi, ngozi inajikusanya mbele yake, inakuwa kigingi. Ukivuta zaidi kinavimba. Mpaka mama anarudi kutoka sokoni, kidole kilikuwa na rangi ya zambarau na mimi nilikuwa nimeshaandika wosia kichwani: gololi zangu zote apewe Maji.

Nyumba ya kupanga haina siri. Dakika chache baadaye uani kulikuwa na kikao. Bibi wa chumba cha nyuma alileta mafuta ya nazi. Mama akaleta sabuni ya mche. Mtu mwingine, simtaji, alikuja na mafuta ya taa na kibiriti mkono uleule, akarudishwa alikotoka. Mwalimu aliyepanga chumba cha mbele, anayefundisha fizikia sekondari, akavaa miwani.

"Chuma kikipata joto kinatanuka," akasema. "Tundu lake nalo linatanuka. Ni kanuni."

"Na kidole?" mama akauliza.

"Kidole hakimo kwenye kanuni."

Moto, ambaye tangu tuanze mchezo hajawahi kupata kazi ya maana, alikuwa ameshafika na jiko la mkaa linawaka. Upepo kashika pepeo, anapepea kwa bidii, cheche zinaruka. Sijui ni nani aliyewaita. Nilipiga yowe ambalo lilimtoa mama mwenye nyumba ndani, mwiko mkononi, amekuja kumaliza alichokianza.

Akakiona kidole. Mwiko ukashuka.

"Jamani, mtoto wangu! Ondoeni hilo jiko! Nyie watu wazima hamna akili?" Akakimbilia mtungi wake, ule ambao hakuna mpangaji aliyeruhusiwa kuugusa, akachota maji ya baridi kwa kata, akanitumbukiza mkono, akanifuta uso kwa upindo wa khanga yake.

"Imefanya kazi," akanong'ona Ardhi nyuma yangu. "Imechelewa tu."

Maji ya baridi yalisaidia. Mama mwenye nyumba akasema sasa mkono uwe juu, damu ishuke. Kwa hiyo nikakaa kwenye kiti katikati ya ua, ngumi hewani, nati inameta, grisi inachuruzika mpaka kwapani. Shangazi mmoja aliyepita kwenda kuoga akatikisa kichwa. "Bado mnacheza tu?"

Ndipo akaingia fundi baiskeli na msumeno wa chuma. Alikuja anaupangusa kwenye suruali, akanitazama kidole, akanitazama mimi, akasema hakuna kitu hapo, dakika mbili. Mama alikuwa ameshavaa khanga za kwenda hospitali, ila alikaa tena kusikia bei. Na hapo hapo mlangoni ikasikika sauti ya dereva: "Nani kachukua nati zangu?"

Ardhi, Moto, Upepo na Maji walizitoa mifukoni bila kusukumwa. Dereva akazihesabu kiganjani.

"Ya tano?"

Ua mzima ukainua macho kwenye ngumi yangu.

"Usikate!" Dereva alimshika fundi baiskeli mkono. "Hiyo ni nati ya springi! Maduka ya vipuri ya Gerezani saa hizi yameshafungwa. Nikiondoka nayo pungufu, mzigo wote nauacha kwenye mlima wa Kitonga."

"Kwa hiyo kidole cha mwanangu ndicho kiende Tunduma?" akauliza mama.

"Hapana, dada yangu, sikusema hivyo."

"Tunaweza kumfunga mwenyewe pale kwenye springi," akasema utingo. "Mbeya tunampa chai." Alikuwa peke yake aliyecheka.

Aliyeniokoa ni fundi cherehani wa kibarazani, mtu asiye na maneno. Alikuja na kibunda cha uzi imara, akaupitisha ncha chini ya nati kwa sindano butu, kisha akaanza kuviringa kuanzia kwenye nati kwenda kwenye ukucha, mzunguko umebanana na mzunguko, hapaonekani ngozi. Kidole kikakonda machoni pangu. Kilikuwa cheupe, kimefungwa kama maiti, na hakikuuma tena, jambo ambalo lilinitisha kuliko maumivu. Akapaka sabuni juu. Akavuta. Nati ikasogea kidogo, ikagoma kwenye kifundo.

"Mnavuta nini?" akasema dereva. "Nati haivutwi. Nati inafunguliwa." Akamgeukia utingo. "Lete spana namba ishirini na nne."

Mama alifunga macho. Spana ilikuja, ndefu kunizidi mkono, ikakaa kwenye zile pembe sita sawasawa, na dereva akashika mwisho wake kwa vidole viwili tu, polepole, kama anafungua kitu cha watu.

"Kushoto," akasema fundi baiskeli.

"Najua kushoto."

"Kushoto kwa mtoto, si kwako," akasema Mwalimu. "Inategemea unaitazama kutoka upande gani."

"Mtoto katazama huku!"

"Basi ni kulia."

"Kulia unakaza!" akapiga kelele utingo. "Mzee, unamkaza mtoto!"

Walibishana hivyo, spana ikiwa kidoleni kwangu, mpaka mama mwenye nyumba akaunyanyua mwiko tena na kusema wa kwanza kusema kulia au kushoto atalipa kodi ya miezi sita. Kimya. Dereva akazungusha. Fundi cherehani akawa anafungua uzi kutoka ule upande wa pili, mzunguko mmoja mmoja, unaisukuma nati mbele. Robo. Robo nyingine. Ikavuka kifundo ikiwa na sauti ndogo ya kunyonya, ikadondoka kwenye beseni, na ua mzima ukashangilia goli.

Dereva hakunitazama. Aliiokota, akaifuta kwa tambara, akachungulia ndani, akatoa kitu kwa ukucha wa kidole kidogo, akatupa, akaenda kuifunga kwenye lori. Jioni ile waliondoka. Kidole changu kina alama ya mistari mpaka leo, na sehemu ndogo ya ngozi yangu nina hakika ilivuka mpaka bila pasipoti.

Kwa kipindi chote walichokuwa safarini Ardhi alitafuta pete mpya. Alijaribu vizibo vya soda, akajaribu raba za madaftari, na kila mara alisema nafasi ya Moyo ni yangu, hajampa mtu. Mimi nilikuwa sitoki ndani. Wenyewe wamarekani walitengeneza vipindi 113 mpaka 1996, kwa hiyo kazi ya kuokoa dunia ilikuwa na watu.

Lori lilirudi usiku. Kesho yake tukaitwa mkekani, utingo kwenye kigoda chake, kanda mpya. Haikuwa Captain Planet. Walikuwa Wachina wanapigana juu ya paa, wanazungusha vipande viwili vya mti vilivyounganishwa kwa mnyororo, na utingo akatuambia hawa wote ni ndugu wa baba mmoja, wanagombea kiwanja.

Ardhi hakupepesa macho mpaka mwisho. Tulipotoka nje akasimama kibarazani muda mrefu, akiitazama baiskeli aliyoiacha fundi pale ukutani, hasa ule mnyororo wake.

"Tena wewe," akaniambia, "safari hii unapewa mrefu."