Sauti 21 za The Spinning Heart hazina vurugu

Makala moja niliyoisoma inadai kwamba wasimulizi 21 wa The Spinning Heart, riwaya ya kwanza ya Donal Ryan, mwandishi wa Ireland, kuchapishwa, wanamchanganya msomaji kiasi kwamba ni heri ingeitwa mkusanyiko wa hadithi fupi. Sikubaliani kabisa. Kila mmoja anasema mara moja tu, ni kweli, lakini karibu wote wanarudi kwa Bobby Mahon, nyapara wa mafundi, na anachodai msimulizi mmoja kinasahihishwa na anayefuata. Shina la masaibu liko sura ya kwanza: mjenzi Pokey Burke ametoroka, na wafanyakazi wake wanagundua hakuwa akiwalipia michango ya hifadhi ya jamii. Kule Ireland, bila michango hiyo mtu hapati fao la kukosa kazi kama haki yake. Inabidi kwanza achunguzwe kipato na mali yake, na hiyo ni fedheha kwa fundi aliyekatwa michango hiyo kwenye mshahara miaka yote. Halafu yupo Réaltín, msimulizi mwingine, anayeishi katika mtaa wa nyumba 44 ambamo ni mbili tu zenye watu. Mitaa ya namna hiyo ilizagaa nchi nzima baada ya mabenki kuyumba 2008. Mji mdogo uliovunjika vile ungesimuliwaje na mtu mmoja? Anayepotea aandike pembeni jina la kila msimulizi na uhusiano wake na Bobby; haichukui sura nyingi kabla karatasi haijakosa kazi. Anayekwamisha wengi ni Frank, baba yake Bobby, maana anasema akiwa amekwisha kufa. Nyinyi mliosoma, maneno yake mliyaamini?